Ndege kuukuu na safari ya usiku kucha: Mambo ya kujua kabla ya kufunga mkanda

Wiki mbili kabla ya kusafiri na mamangu kwenda Ulaya kumtazama dadangu aliyekuwa amejifungua, nilifanya jambo ambalo siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kulifanya. Nilitafuta umri wa ndege. Tiketi ilionyesha aina yake, Boeing 767-300ER, na orodha za ndege za kila shirika zimo mtandaoni. Kila ndege ina namba ya usajili iliyoandikwa upande wa nyuma, kama gari lilivyo na namba zake. Za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Ujerumani D, za Uingereza G. Ukiipata namba utajua imetengenezwa mwaka gani na imepitia mikononi mwa nani. Tuliyopanda, nilipoisoma namba yake kupitia kioo cha ukumbi wa kusubiria pale Nairobi, ilikuwa na miaka 22.

Jina la shirika naliweka kando. Halikutukosea.

Lakini usiku ule moyo haukutulia. Nchi yetu hairuhusu mtu kuagiza gari kuukuu lililopita miaka minane. Ukileta Probox ya miaka tisa bandarini utalia na kadi mkononi. Sasa mimi nampandisha mzazi wangu kwenye chombo cha miaka 22, saa nane na nusu angani, gizani, juu ya Sahara na Bahari ya Kati? Nilisoma kila nilichokipata. Mimi si mhandisi, stashahada yangu ni ya uhasibu, lakini hesabu nazijua, na hesabu ndizo zilizonituliza. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza kabla ya safari na yale niliyojifunza baadaye. Ya baadaye ndiyo mazito zaidi.

Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake

Boeing 767 ilipaa mara ya kwanza tarehe 26 Septemba 1981 na ikaanza kubeba abiria mwaka uliofuata. Toleo la 300ER, lenye kwenda mbali, lilianza kazi mwaka 1988. Kabla ya miaka hiyo, kuvuka bahari kuu ilikuwa kazi ya ndege za injini tatu au nne, kwa sababu kanuni za Marekani zilizitaka zenye injini mbili zisijitenge zaidi ya dakika 60 na kiwanja cha kutua. Mwaka 1985 kanuni ililegezwa, na 767 ikawa miongoni mwa za kwanza kuvuka Atlantiki kwa injini mbili. Kenya Airways nayo iliziendesha kwa miaka mingi, hadi zile 787 zilipoanza kuwasili mwaka 2014. Msomaji wangu uliyesafiri mbali na shirika letu kabla ya hapo, huenda ulisinzia ndani ya moja bila kuijua.

Kinachoichosha ndege hasa ni kupaa na kutua. Kila inapopanda, hewa hushindiliwa ndani ili watu wapumue, na bodi hufura kidogo sana, kama puto. Inaposhuka, bodi hurudi. Chukua waya wa kuanikia nguo, ukunje na kuukunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hautafanya kitu, mara ya kumi labda, lakini utafika wakati utakukatikia mkononi. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1954, ndege mbili za Comet za Uingereza zilipopasuka angani zikiwa bado changa. Wachunguzi walitia bodi la Comet nyingine ndani ya tangi kubwa la maji, wakalishindilia na kulilegeza tena na tena hadi likapasuka, ndipo siri ikajulikana.

Kisa kinachotajwa zaidi ukizungumzia ndege kuukuu ni kile cha Hawaii. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilipoteza kipande kikubwa cha paa ikiwa juu angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Watu wengine 94 walinusurika, rubani akatua. Ndege ile ilikuwa na miaka 19 tu, pungufu ya yangu. Ila ilikuwa imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi za kati ya visiwa, na muda wote ikipulizwa na hewa ya chumvi. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa habari ya chumvi. Mabati ya nyumba inayotazama bahari hayaishi kama ya Nakuru.

Sasa fanya hesabu nami. Ndege ya safari ndefu haipati nafasi ya kuruka mara nyingi. Safari moja ikiwa saa nane au tisa, kisha ioshwe, itiwe mafuta na ipakie upya, siku imekwisha. Hata tukisema iliruka mara mbili kila siku ya Mungu kwa miaka 22 bila kupumzika hata siku moja, tunapata mara 16,060. Haijafika hata robo ya ile ya Hawaii. Kwa kipimo hicho, 767 yangu ya miaka 22 ilikuwa haijachoka kama ndege ya visiwani ya miaka 10.

Baada ya Hawaii, Marekani ilitunga sheria mahususi ya usalama wa ndege zinazozeeka, mwaka 1991, na ukaguzi wa nyufa na kutu ukawa na taratibu zake kwa kila aina ya ndege. Matengenezo yana ngazi. Ya chini hufanywa kila baada ya saa mia kadhaa za kuruka, ya kati kila mwaka na nusu au miwili. Ya juu huja kila baada ya miaka sita hadi kumi: viti vyote hung'olewa, kuta za ndani hutolewa, rangi huondolewa, na mafundi hukagua mifupa ya ndege kwa vifaa vinavyoona ufa ambao jicho halioni. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na gharama yake ndiyo mara nyingi inayoamua ndege istaafu. Kwa ufupi, ndege kuukuu inayoendelea kuruka na shirika linalokaguliwa vizuri ni ile ambayo mwenyewe ameona bado inastahili kufunguliwa yote na kufungwa tena.

Na upya nao si ngao. Ndege iliyoanguka karibu na Addis Ababa tarehe 10 Machi 2019, ikija Nairobi, ilikuwa na miezi minne tu. Watu 157 walikufa, Wakenya 32 wakiwemo. Iliyoanguka Douala mwezi Mei 2007 na kuua watu 114, ikija kwetu pia, haikuwa imemaliza mwaka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Ukitaka kuuliza swali la maana kuhusu usalama, uliza shirika linasimamiwa na nani na linakaguliwa na nani. Mwaka wa kiwandani huja nyuma ya hayo.

Unapouhisi uzee wake

Uzee wa ndege utauhisi mwilini, hasa ukikaa daraja la kawaida. Kubwa zaidi halionekani, nalo ni hewa.

Ndege ikiwa futi 35,000 juu, ndani hamuwekewi hewa ya Mombasa. Kanuni inaruhusu ndani pawe kama juu ya mlima wa futi 8,000, ambazo ni mita 2,400 na ushei. Kwetu hapo ni Iten, kule wanakofanyia mazoezi wakimbiaji ili mapafu yao yazoee shida. Ndege za bodi la alumini, kama 767, hukaribia kiwango hicho. Za kisasa kama 787, ambazo bodi lake ni la nyuzi za kaboni na linastahimili kushindiliwa zaidi, hazizidi futi 6,000, na hiyo ni Nairobi. Kwa kijana tofauti ni maumivu ya kichwa na uchovu. Kwa mzee aliyezaliwa na kuzeeka usawa wa bahari, kukesha Iten akiwa amekaa kitako si jambo dogo, na mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au upungufu wa damu aonane na daktari kabla ya kununua tiketi.

La pili ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani huwa chini ya asilimia 20, na sisi tumezoea hewa ambayo shati haikauki. Macho huwasha, pua hukauka, midomo hupasuka. Hata chakula hukosa ladha, kwa kuwa ulimi na pua havifanyi kazi sawasawa huko juu, kwa hivyo tusimlaumu mpishi peke yake.

Mengine ni ya kero. Skrini ya mamangu ilikuwa ndogo kama bahasha na haikuwaka. Yangu iliwaka ikagoma kwenye ramani, tukawa tuko juu ya Khartoum usiku kucha. Hapakuwa na pa kuchajia simu. Mlio wa injini ulikuwa wa kukufanya useme na jirani kwa kupaza sauti.

Lakini niseme haki yake. Viti vya 767 vimepangwa viwili, vitatu, viwili. Katika safu ya watu saba, ni mmoja tu anayebanwa katikati bila dirisha wala njia. Upana wa kiti ni takriban inchi 18. Katika 787 nyingi wamepanga tisa kwa safu, na kiti kimeshuka hadi inchi 17 na kitu. Inchi moja ukiitaja barazani utachekwa. Kaa nayo saa nane, uone.

Nilichosahau kuuliza

Nilimpa mamangu kiti cha dirishani. Niliona ni heshima. Usiku, nje giza, hakuna cha kutazama hata taa moja, na mimi nikajipa kiti cha njiani nikamziba. Baada ya chakula nikalala.

Mamangu ni mfupi, hafiki sentimita 155. Miguu yake haikukanyaga sakafu vizuri, na ukingo wa kiti ukawa unambana nyuma ya magoti usiku kucha. Chai aliikataa. Maji aligusisha midomo tu. Nikamwambia, "Mama, kunywa, hewa ni kavu hii." Akanijibu, "Sina kiu, mwanangu."

Ukweli aliniambia wiki moja baadaye. Mara tu tulipopaa, kabla sijalala, alikwenda chooni akarudi upesi. Alikuta karatasi, sinki la kiganja, na mlio wa kufyonza uliomshtua. Hakukuwa na mpira wa maji, wala kopo, wala ndoo. Mwanamke aliyejitwahirisha kwa maji maisha yake yote atastanji vipi hapo? Akaamua kutokunywa ili asihitaji kurudi. Na hakutaka kuniamsha ili apite. "Ulikuwa umelala, nikakuonea huruma." Saa nane na nusu hakuinuka hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeijua tarehe ya kuzaliwa ya ndege, na sikujua mamangu atakwendaje haja.

Siku ya tatu kwa dadangu, shavu la mguu wake wa kushoto lilivimba, likawa na moto na kuuma akikanyaga. Tukasema ameteguka kwenye ngazi. Dadangu akatoa mafuta ya nazi aliyoletewa kutoka nyumbani, akayapasha, akakaa chini kumkanda, kama tungefanya sote. Jirani yake, muuguzi, alikuwa amekuja kumtazama mtoto. Alimshika dadangu mkono kabla hajaugusa mguu. Akauliza swali moja tu: mama amesafiri lini?

Altrasaundi ilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, kutoka kwenye shavu hadi nyuma ya goti. Daktari alieleza kwamba donge kama hilo likimeguka huenda hadi mapafuni, na huko huua. Kulikanda ni kama kulisukuma. Alipewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu, na safari ya kurudi ikaahirishwa. Bima ya safari, ile tunayoilipia kwa kunung'unika kwa sababu ubalozi unaitaka, ndiyo iliyolipa hospitali.

Ugonjwa huu una jina la mzaha la daraja la kawaida, ila hauchagui daraja. Chanzo ni kukaa bila kutikisika. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 iliyoeleza kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari karibu mara mbili, iwe ni kwa ndege, basi, gari au treni. Kwa hiyo basi letu la usiku la Mombasa hadi Nairobi limo. Kwa mtu mzima wa kawaida hatari yenyewe ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Lakini hupanda kwa mnene, kwa anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, kwa aliyewahi kuganda damu yeye au jamaa yake wa karibu, kwa mrefu kupita kiasi, na kwa mfupi asiyefika sentimita 160. Hapo nilimuona mamangu. Mjamzito, aliyejifungua karibuni na aliyetoka kupasuliwa nao wamo kwenye hesabu ya tahadhari.

Nimeyaandika haya kwa sababu watu wetu wanasafiri. Wazee wanakwenda Umra, mabinti wanakwenda kazi za Ghuba, wagonjwa wanakwenda India, na mabibi wanakwenda kulea wajukuu ughaibuni. Wengi wanapanda mara ya kwanza, na hakuna anayewaambia habari za choo.

Basi tuambiane. Chukua chupa tupu ya plastiki, ya nusu lita. Kwenye ukaguzi wanazuia maji yaliyomo, chupa tupu hawana neno nayo. Baada ya ukaguzi ijaze, au umuombe mhudumu. Hiyo ndiyo kata yako. Ukienda nayo chooni tumia kidogo kidogo, kaa juu ya tundu, kisha ufute sakafu kwa karatasi. Wengine humwaga kama wako msalani nyumbani, na anayefuata hukanyaga dimbwi. Zaidi ya adabu, maji yanayopenya chini ya choo ni miongoni mwa mambo yanayoitia ndege kutu, na mafundi wa ndege kuukuu wanapajua pale vizuri. Maji ya bomba la choo usiyanywe. Udhu, tayamamu na kusali kwenye kiti muulize sheikh wako kabla ya safari, usingoje kubahatisha huko juu. Na mzee apelekwe chooni na mwenzake mara ya kwanza, aonyeshwe mlango unavyokunjwa, kufuli linavyowasha taa, na kitufe chenye ule mlio.

Kunywa maji kwenyewe hakujathibitishwa kwamba kunazuia damu kuganda. Faida yake nyingine ni kwamba anayekunywa huinuka, na kuinuka ndiko kunakotakiwa. Kila saa moja au mbili simama, tembea hadi jikoni kwa wahudumu na urudi. Ukiwa umekaa, inua visigino, shusha, inua vidole, shusha, hadi shavu la mguu lihisi kazi. Mfupi aweke begi dogo chini ya nyayo ili magoti yapande na ukingo wa kiti usimbane. Mzee apewe kiti cha njiani, na dirisha aachiwe kijana. Soksi za kubana zinasaidia, ila ziwe za kipimo chake na daktari azikubali, kwa sababu zenye kukaza mahali pasipofaa hudhuru. Usimeze aspirini kwa kuambiwa na jirani.

Hatari haiishi mnapotua. Huendelea kwa takriban wiki nne. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto au maumivu, usikandwe wala kuchuliwa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi ghafla, akiumwa kifua au kukohoa damu, ni dharura. Mwambie daktari kwamba amesafiri hata kama hajauliza, kwa sababu huku kwetu watakuandikia dawa ya kutuliza maumivu na kukurudisha nyumbani.

Mamangu alirudi baada ya miezi minne, kwa ruhusa ya daktari, amevaa soksi zake na chupa yake ndani ya mkoba. Safari hiyo ndege ilikuwa mpya, ya miaka miwili. Skrini zote ziliwaka. Alikaa njiani, na karibu na Misri nilimkuta amesimama nyuma kwenye mlango wa jikoni, anasimuliana na mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiogopa kwenda chooni. Alikuwa anamuonyesha chupa.

Aliporudi kukaa alilalamika kwamba kiti ni chembamba kuliko cha mara ya kwanza.